Katanga ilikuwa na bonde la ufa kabla ya Tanganyika

"Bonde la ufa ni hili la Tanganyika na Turkana tu." Hapana. Miaka milioni 880 hivi iliyopita, ardhi ya Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, na ya Zambia jirani ilivutwa pande mbili, ikapasuka, ikatitia. Mito ikamwaga humo kokoto na mchanga mwekundu. Kisha bahari ya kina kifupi ikaingia, ikaacha dolomiti (mwamba wa jamii ya chokaa), tope na chumvi. Matabaka hayo ya mwanzo wanajiolojia huyaita Roan.

"Milima ilipokunjwa, joto lilifuta kila kitu." Dhana hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, maana inawafanya watu wakanyage jiwe bila kulitazama. Ni kweli kwamba miaka milioni 550 hadi 530 hivi iliyopita bamba la Kongo na la Kalahari, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yalisukumana, bonde likabanwa, matabaka yakakunjamana na kupandana. Kusini, ndani ya Zambia, baadhi ya miamba ilizamishwa makumi ya kilomita, ikarudi juu imejaa talki na kianiti, madini yanayoonyesha ilibanwa sana huko chini. Lakini upande wa miji ya Kolwezi na Likasi, huko Katanga, joto lilikuwa dogo. Chukua kipande cha dolomiti ya huko, kikate, kilowanishe: utaona mistari myembamba yenye mawimbi, imelaliana kama maganda ya kitunguu. Ni utando wa vijidudu vilivyokua majini, jua likivifikia. Panda matabaka ya juu yake, utakuta mawe makubwa na madogo yametapakaa ndani ya tope lililoganda. Huo ni mzigo ulioachwa na barafu, wa miaka milioni 700 na ushei iliyopita. Barafu, Katanga!

"Shaba ililetwa na volkano." Iliyoleta ni maji ya chumvi yaliyopashwa joto chini ardhini. Yalichota metali kwenye miamba yaliyoipitia njiani, yakaiacha yalipokutana na matabaka yenye salfa na mabaki ya viumbe. Kazi hiyo ilianza bonde likiwa bado linajaa, ikaendelea hata milima ilipokuwa inakunjwa.

"Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ina umri wa mwamba wake." La, ni changa sana. Mvua ilipopenya kwenye madini ya shaba na salfa yaliyo karibu na uso wa ardhi, ndipo rangi ile ya kijani ikatokea, milima yenyewe ikiwa imeshamomonyoka siku nyingi.