Kuvuna msitu kwa awamu ili miche iote yenyewe

Mwaka 1950, makampuni tisa ya karatasi na ya umiliki wa misitu katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, yalinunua kwa pamoja msitu wa takriban hekta 1,600 na kuukabidhi kwa Idara ya Misitu ya nchi hiyo ufanyiwe utafiti. Ndio Msitu wa Utafiti wa Penobscot. Kati ya 1952 na 1957 watafiti waliugawa vipande, wakaanza kuvuna kila kipande kwa njia yake, na kila njia ikarudiwa katika vipande viwili. Miti iliyo ndani ya viwanja vya kudumu imepimwa tena na tena tangu wakati huo. Utafiti wa misitu uliodumu muda mrefu kiasi hicho si mwingi duniani, maana mti huishi kuliko bajeti ya mradi wowote.

Njia mojawapo iliyojaribiwa ni uvunaji wa awamu chini ya kivuli. Wajerumani waliuwekea kanuni mwishoni mwa karne ya 18, na Georg Ludwig Hartig ni miongoni mwa waliouandika vizuri. Miti mikubwa haikatwi yote kwa mkupuo mmoja. Kwanza hutolewa iliyopinda, iliyooza na iliyobanwa, huku miti mama yenye afya na matawi mapana ikiachwa. Mwanga kiasi unafika chini, mbegu zinadondoka, miche inaota. Miche ikishashika, miti mama nayo huvunwa, kwa mara moja au mbili zaidi. Mkulima wa kahawa anayepanda chini ya migomba anaelewa haraka: mche mchanga hautaki jua kali, lakini gizani pia hauendi popote.

Kwa nini wasikate yote na kusubiri? Kwa sababu ya mbegu. Miti mikuu ya Penobscot ni sprusi nyekundu, firi ya balsamu na hemloki, yote ya jamii ya misonobari. Mbegu za sprusi na firi hazidumu ardhini. Nyingi hufa ndani ya mwaka mmoja hivi. Sprusi nayo haizai vizuri kila mwaka, huenda miaka kadhaa ikapita kati ya mavuno mawili makubwa ya mbegu. Ukifyeka eneo lote wakati hakuna miche chini, hakuna akiba iliyobaki udongoni. Wanaojaa hapo ni wale wanaopenda jua: vichaka vya rasiberi, na miti kama mibetula na miaspeni. Kwa hiyo kizazi kipya lazima kiwe kimeota kabla mti mama wa mwisho haujaanguka. Wakati wa kuvuna huamuliwa na mche, na hili ndilo gumu zaidi kulielewa kwa mwenye kiwanda anayehesabu magogo.

Penobscot walijaribu awamu mbili, zilizomalizika miaka ya 1960, na awamu tatu, zilizofika miaka ya 1970. Miche haikuwa tatizo hata kidogo. Iliota kwa wingi mno, ikasongamana. Tatizo lilikuwa aina ya miche. Walitaka sprusi, wakapata firi nyingi. Mbegu ya firi ni kubwa kuliko ya sprusi, na mzizi wake mchanga hupenya haraka tabaka la majani makavu kufikia unyevu. Wa sprusi hukua taratibu, na wiki chache za ukame zinatosha kuumaliza. Kivuli kikawafaa wote wawili, ila mwenye mbio akashinda.

Hili lina gharama. Sprusi nyekundu inaweza kuishi zaidi ya miaka 300, lakini firi mara nyingi huanza kuoza kiini kabla ya kufikisha miaka 80. Tena kuna viwavi wanaokula machipukizi ya miti hii, nao huipendelea firi. Mlipuko wao wa miaka ya 1970 na 1980 uliua miti mingi sana Maine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu ya vipande vya awamu tatu ilipunguziwa miti michanga, sprusi ikapewa nafasi. Upande huo sasa una miti minene zaidi na sprusi nyingi kuliko upande ulioachwa ujipange wenyewe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi wanapokosea wanapousifu msitu unaojiotesha: kuota ni kwa bure, kuchagua kunalipiwa.

Njia nyingine iliyojaribiwa ilikuwa kukata kila mti uliofikia unene fulani na kuacha mwembamba. Ni rahisi, na inaingiza pesa mapema. Baada ya miongo kadhaa vipande hivyo vimebaki na miti mibovu na ya thamani ndogo, kwa kuwa mwembamba si lazima uwe mchanga. Mara nyingi ni mzee aliyedumaa, na ndiye anayeachwa kuwa mzazi.

Afrika nayo ilijaribu kivuli. Nigeria ilianza mwaka 1944: mimea inayopanda juu ya miti ilikatwa, na miti isiyo na soko ikauawa kwa sumu miaka michache kabla ya kuvuna, ili miche ya mikangazi na jamaa zake ipate mwanga. Mwanga huo ukaamsha mimea hiyo inayopanda kuliko miche. Baya zaidi, baadhi ya miti iliyotiwa sumu ilikuja kupata soko baadaye. Miaka ya 1960 mpango ukaachwa.

Na miombo yetu? Sehemu kubwa ya miti yake hurudi kwa kuchipua kwenye visiki na mizizi, na machipukizi hayo yanataka jua, kwa hiyo kuyawekea kivuli ni kuyanyima chakula. Ukikagua eneo la miombo lililovunwa, usianze na idadi ya miti mama. Angalia visiki vimechipua kiasi gani, na kama moto wa mwisho wa kiangazi umeyapitia machipukizi kabla hayajapita kimo cha mtu.