Je, wajua: ni nani anayemlazimisha mchezaji kusimama kimya kabla ya mpira?

Ni saa 10 jioni kasoro dakika mbili, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. Mikono imeshapeanwa, sarafu imerushwa, lakini badala ya mpira kuanza wachezaji wanalizunguka duara la katikati na kushikana mabega. Refa anapuliza filimbi. Ngoma zinakoma. Unasikia bodaboda inayopita nje ya ukuta, na muuza karanga ambaye hajajua kinachoendelea. Halafu mtu jukwaani anapiga mluzi, mwingine anamkaripia kwa sauti kubwa kuliko mluzi wenyewe, na dakika imekufa kabla haijafika nusu.

Wengi hudhani ukimya huo ni sehemu ya sheria za mpira, kwamba asiyesimama ana adhabu yake. Sivyo. Katika kanuni 17 za mchezo hakuna inayoagiza ukimya. Anayeupanga ni mwandaaji wa mashindano: kwa ligi yetu ni shirikisho na bodi ya ligi, kwa bonanza la mtaani ni kamati yenyewe. Refa ni mshika saa tu. Katika sababu za kadi ya njano zilizoorodheshwa kwenye Kanuni ya 12 hutakuta “kukataa kuinamisha kichwa”. Anayewapigia kelele wenzake ni habari nyingine, maana huyo anaingia kwenye utovu wa nidhamu. Aliyebaki kando, mikono nyuma, mdomo umefungwa, hajavunja kitu.

Desturi yenyewe haina umri mkubwa. Ilishika mizizi Cape Town, Afrika Kusini, kuanzia Mei 1918, wakati Vita Kuu ya Kwanza bado inapiganwa. Meya wa mji, Harry Hands, aliagiza shughuli zote zisimame kila siku mzinga wa saa sita mchana ulipolia. Sir Percy FitzPatrick, ambaye mwanawe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1917, akalipeleka wazo hilo London, na Mfalme George wa Tano akaagiza dakika mbili za ukimya tarehe 11 Novemba 1919, mwaka mmoja baada ya vita kusimama Ulaya. Viwanja vya mpira viliiga, vikabakiza dakika moja.

Watu wa Lindi wana haki ya kuuliza wao wako wapi katika hesabu hiyo. Oktoba 1917, kwa siku nne, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki yalipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walipambana na jeshi la Waingereza lililokuwa na kikosi cha Wanigeria. Bunduki zilipokoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, huku bado watu walikuwa wanatembea na mizigo kichwani. Jeshi la Wajerumani liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Kwa hiyo shabiki wa Nyangao anayetazama kwenye runinga ligi ya Uingereza ikisimama kimya mwezi Novemba hatazami msiba wa jirani asiyemjua.

Sisi tuna siku yetu, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, yenye mkuki na ngao badala ya ua jekundu la Waingereza, na Mtwara ina makaburi ya Naliendele walikolazwa wanajeshi wetu waliofia Msumbiji. Ila hiyo ni shughuli ya serikali yenye gwaride na itifaki, na watu huenda wakijua wanakokwenda. Uwanjani mtu amelipa kiingilio aone mpira. Ukimya unamkuta.

Sasa, kwa nini mtu akatae?

Sababu ya kwanza ni ile ya anayeona kinachokumbukwa ndicho kilichomuumiza. Mfano unaojulikana zaidi ni James McClean, mzaliwa wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Tangu 2012, alipokuwa Sunderland, amekataa kuvaa jezi yenye ua la mpopi, alama ya Waingereza ya kuwakumbuka askari wao. Mtaa aliokulia, Creggan, ulipoteza watu sita tarehe 30 Januari 1972, wanajeshi wa Uingereza walipowafyatulia risasi waandamanaji. Mwaka 2014 alimwandikia barua mwenyekiti wa klabu yake ya Wigan akieleza kwamba lau ua hilo lingekuwa la waliokufa katika vita viwili vikuu peke yake, angelivaa bila shida. Tatizo lake ni kwamba linawakumbuka askari wa vita vyote, na waliokuja mtaani kwake wamo. Hakuna mahali alipowakataza wenzake kuvaa. Miaka minne baadaye Nemanja Matić wa Manchester United naye alicheza bila ua hilo, akisema linamrudisha kwenye mabomu yaliyoangukia kijiji chao Serbia mwaka 1999, akiwa mtoto.

Kinachofaa kuigwa kwa hao wawili ni namna walivyokataa: walieleza kwa maandishi, wakabaki kimya wengine walipokuwa kimya. Novemba 2024, akiwa Wrexham, McClean alisimama kando na duara la wenzake.

Sababu ya pili ni mila na dini, na hapa pwani ya kusini ndipo penye uzito. Tarehe 8 Juni 2017, mjini Adelaide, timu ya taifa ya Saudi Arabia haikujipanga kwa ajili ya ukimya kabla ya kucheza na Australia. Waliokuwa wanakumbukwa ni watu wanane waliouawa kwenye shambulio la London Bridge siku tano nyuma, wawili wao Waaustralia. Wenyeji walikuwa wameshaambiwa kwamba desturi hiyo haimo katika utamaduni wa Saudia, lakini mashabiki jukwaani hawakuambiwa neno. Wakaona jezi za wageni zinatawanyika uwanjani huku wao wameinamisha vichwa, wakakasirika. Shirikisho la Saudia likaomba radhi. Kosa kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa la kipaza sauti: sentensi moja kabla ya filimbi ingepunguza hasira nyingi.

Msiba wetu una sauti. Ukipita penye matanga Mikindani au Kilwa utasikia Yasini inasomwa, akina mama wakipokezana kulia na kubembelezana, vijana wakibishana kuhusu turubai. Penye msiba wa Kikristo Masasi au Ndanda utasikia kwaya hadi alfajiri. Kifo cha wengi harusi, walisema wazee, wala hawakumaanisha watu wakae bubu. Wapo masheikh wanaosema kusimama kimya bila dua si katika mafundisho yao. Hata hivyo kusimama kwenyewe si kitu kigeni: sala ya maiti husaliwa kwa kusimama, takbira nne, haina rukuu wala sijida, na yanayosomwa husomwa kimoyomoyo. Ndiyo maana wachezaji wengi Waislamu huingia kwenye duara na kusoma Fatiha ndani ya nafsi zao, jambo linalotosha kabisa kwenye sekunde 60. Mwingine hataki hata hilo. Abaki kwenye benchi mpaka filimbi ya pili, na asiitwe msaliti.

Sababu ya tatu haisemwi kwenye vipaza sauti ila ndiyo inayovunja ukimya mwingi: “Wetu walipokufa nani alisimama?” Lori limeua wakulima wa korosho, hakuna aliyesema kitu, kafariki kiongozi wa mbali, tunaambiwa tusimame. Ukiwa na wafu wa daraja la kwanza na la pili, jukwaa la mzunguko litakukumbusha. Anfield, Liverpool, tarehe 13 Septemba 2022, kabla ya mechi na Ajax, ukimya wa kumkumbuka Malkia Elizabeth ulikatishwa kabla ya dakika kutimia kwa sababu ya waliopaza sauti. Mji ule una chuki ya muda mrefu na wakubwa wa Uingereza, tangu kabla ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989 yaliyoua mashabiki 97 wa Liverpool na kuzidi baada yake, na wimbo wa taifa wenyewe huzomewa. Refa aliyefupisha dakika alifanya busara. Ukimya uliovunjika hauungiki, na kila sekunde unayoongeza unampa mzomeaji nafasi.

Kwa sababu hiyo viwanja vingi vya Ulaya, kuanzia takriban 2005 alipofariki George Best, nyota wa zamani wa Manchester United, vilianza kutumia dakika ya makofi, desturi iliyozoeleka zaidi Italia. Sababu ni ya kimasikio zaidi kuliko ya kihisia: katika ukimya, mtu mmoja anasikika na watu elfu kumi, katika makofi, mia moja wanaozomea hawasikiki kabisa. Makofi yanamfaa mchezaji wa zamani au shabiki mkongwe aliyeishi umri wake. Kwa watoto waliozama mtoni, makofi yanakera. Hapo heri ukimya mfupi wa sekunde 30 unaotimia.

Kwa kamati za Lindi na Mtwara zinazotaka dakika yao ishike, kazi inaanza siku moja kabla, kwenye kikao cha mechi. Kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, aambiwe nani anakumbukwa na kwa nini, na manahodha wote wawili waulizwe kama kuna mchezaji asiyetaka. Aulizwe hapo, kwa siri, si uwanjani mbele ya kamera. Anayekataa apangiwe pa kusimama: kwenye benchi, au akawahi lango lake kama ni kipa. Viongozi wa vikundi vya ushangiliaji wapewe taarifa kabla ya kuingia, maana mpiga ngoma hasikii tangazo akiwa anapiga ngoma. Wauza maji na karanga wazuiwe kwenye ngazi. Geti lisimamishwe kwa dakika hiyo, vinginevyo wanaochelewa wataingia na vuvuzela zao.

Tangazo liwe fupi na lifuate mpangilio: jina, kilichotokea, muda, ishara. Kwa mfano: “Tunawakumbuka wavuvi watatu wa Msangamkuu. Tutakaa kimya kwa dakika moja. Filimbi ya kwanza tunaanza, filimbi ya pili tumemaliza.” Ukiacha kutaja filimbi, watu hupiga makofi kwenye ile ya kwanza wakidhani mpira umeanza, ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote. La pili ni mtangazaji anayeendelea kuongea ndani ya ukimya, mara anaombea, mara anataja mdhamini. La tatu ni muziki uliosahaulika kwenye spika. Fundi mitambo azime kabisa kwenye mashine, asipunguze tu sauti, kwa sababu spika iliyo wazi karibu na kipaza hulia yenyewe. Na umeme ukikatika, refa anyooshe mkono juu kabla ya filimbi ili upande usiosikia uone.

Muda upimwe kwa saa ya refa. Anayehesabu kichwani huishia sekunde 35 au 40 na kudhani ametimiza. Hapo hakuna dhambi, ila familia ya marehemu ikiwa jukwaani huwa inahesabu.

Vitambaa vyeusi mkononi ni suala dogo lakini lina mtego. Timu nyingi hutumia utepe mweusi wa fundi umeme. Usizungushwe juu ya ngozi kwani jasho huulegeza, uzungushwe juu ya mkono wa jezi. Kwa nahodha usifunike kitambaa chake cha unahodha, ambacho ni lazima akivae. Jezi ikiwa nyeusi utepe hauonekani kabisa, tumieni mweupe. Na ukitaka kuweka nembo au maandishi, soma Kanuni ya 4 kwanza: maneno ya kisiasa na ya kidini hayaruhusiwi, na kanuni hiyo hiyo inataka hisia za timu pinzani na mashabiki wake zizingatiwe. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zilitozwa faini na FIFA mwaka 2016 kwa ajili ya ua lile lile la mpopi, kabla msimamo haujalegezwa mwaka uliofuata.

Jambo la mwisho ni kiasi. Ligi ikisimama kimya kila wiki, mwezi wa tatu utawakuta wachezaji wanafunga kamba za viatu ndani ya duara. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alipofariki Julai 2020, hakuna wa kusini aliyehitaji kuelezwa kwa nini asimame. Kama tangazo lako linahitaji aya mbili kumtambulisha marehemu kwa watu unaotaka wamlilie, pelekeni rambirambi nyumbani kwao na mpira uanze.