Huyu unamwagiza, yule unamwomba

Jumatatu nimepigiwa simu nikiwa nimekwama kwenye jamu ya Jinja Road, hapa Kampala. "Kaka, ile programu tumeshailipia. Sasa tuonyeshe bajeti tunaiweka wapi, na ratiba ya madereva."

Nikamuuliza programu gani. Akaitaja. Ni ya kukutanisha washiriki wa makongamano: unaandika wasifu, unatafuta watu, unaomba miadi. Haina mahali pa bajeti, wala haijui dereva ni nini. Wameilipia kwa kongamano moja la siku mbili, na hela hairudi.

"Lakini si ni ya makongamano?" akasema. "Na sisi si tunaandaa kongamano?"

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu. Naiandikia hapa ili siku nyingine nitume kiungo na kuendelea na chai yangu.

Tangu Januari 2024, hoteli ya Munyonyo ilipopokea mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote na siku chache baadaye ule wa G77 na China, kundi la nchi zinazoendelea, kila kamati hapa Kampala inataka "programu". Hata warsha ya watu arobaini wanaojuana tangu chuoni. Sawa, hela ni yao. Ninachokataa ni kudhani kwamba programu ya kusimamia miradi na programu ya kukutanisha watu ni ndugu wa tumbo moja, mkubwa na mdogo, na kwamba ukimnunua yule wa bei kubwa umewapata wote wawili.

Vya msingi nitavipita haraka. Za kusimamia miradi, kama Trello, Asana, Jira: ukivua rangi na mapambo, chini kuna kazi, mwenye kazi na tarehe. Ubao, kadi (kila kazi na kadi yake), chati ya Gantt (kazi zikichorwa kama mistari juu ya kalenda), kazi hii inayoisubiri ile, yote ni namna za kutazama vitu hivyo vitatu. Za kukutanisha watu, kama Brella, Swapcard, Whova: chini kuna mtu, anachotafuta, anachoweza kutoa, na dakika zake chache zilizo wazi. Basi.

Kinachonitoa jasho ni neno "washiriki". Programu zote mbili zinalo, na Kiswahili chetu hakitofautishi. Mshiriki wa ubao wa mradi ni mtu uliyemwajiri, au aliyekubali kukaa kwenye kamati. Ukimpa kadi ya "Kuchapa beji, Alhamisi", ana deni kwako. Asipoifanya utampigia simu, na akiendelea utamsema mbele ya mwenyekiti. Mshiriki wa kongamano hana deni lolote kwako. Amekuja kwa nauli yake au ya mwajiri wake, simu ni yake, bando ni lake, na bando hilo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Unamwomba apakue programu, aandike wasifu, aweke picha, aseme anatafuta nini, halafu akubali kukaa mezani na mtu asiyemjua. Anaweza kukataa kila hatua bila kueleza sababu, na wengi hukataa hivyo hivyo, kimyakimya.

Huyu unamwagiza, yule unamwomba. Programu ya kuagiza hutengenezwa ikidhani watu watarudi kesho kwa sababu ni kazi yao. Programu ya kuomba hutengenezwa ikijua kwamba mtu ataifungua mara moja, na asipoona sura ya maana ndani ya dakika hiyo, hataifungua tena. Ndiyo maana ubao wa Trello una faida hata mkiwa watatu, lakini programu ya kukutanisha yenye watu watatu ni soko lisilo na wachuuzi.

Na kosa linakwenda pande zote mbili. Kuna kamati iliyoniita baada ya kuwaalika wageni wao wote kwenye ubao wa Trello "ili wafahamiane". Mpango wa bure wa Trello sasa unakomea watu 10 kwa kila "workspace", yaani eneo la timu moja lenye mbao zake, kwa hiyo walipokwama walifungua ubao wazi kwa mtu yeyote mwenye kiungo, wakamtengenezea kila mgeni kadi yake, jina, namba ya simu, hoteli na namba ya chumba. Namba ya chumba, jamani! Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na inataka ridhaa ya mwenye taarifa. Nilipoitaja, mmoja wao akanijibu, "Lakini ssebo (bwana), Trello ni ya bure." Programu ya kukutanisha walau humwachia mgeni aamue mwenyewe aandike nini kwenye wasifu wake. Nadhani hilo peke yake linatosha kutenga hizi mbili, hata kama huelewi kingine chochote.

Bei nayo iseme. Ya miradi hutozwa kwa kichwa kwa mwezi, ya kukutanisha mara nyingi kwa tukio au kwa idadi ya wageni. Kongamano likiisha, ya pili imekufa. Ya kwanza bado ina wiki kadhaa za kazi: risiti, ripoti ya wafadhili, na yule mtu wa mahema anayedai salio lake.

Sasa niwe mkweli. Sijui kama ule ulinganishaji wa watu, yaani programu kupendekeza nani akutane na nani, unafanya kazi kama wauzaji wanavyosema. Wao huhesabu miadi iliyokubaliwa. Mimi nimewahi kuzunguka ukumbini na karatasi nikihesabu miadi iliyokaliwa, na meza tupu zilikuwa nyingi kuliko zenye watu. Hata waliokaa, siwezi kuapa kwamba wasingekutana kwenye chai.

Kuna kongamano moja la wafanyabiashara wa nafaka, Entebbe, karibu na ziwa. Tulipanga meza ishirini zenye namba, miadi ya dakika kumi na tano, kuanzia saa kumi alasiri. Programu ilituma ujumbe kwa wakati. Saa kumi na dakika tano kwenye meza zangu kulikuwa na watu wanne na kunguru mmoja anayekula samosa. Wengine wote walikuwa upande wa pili wa bustani, foleni ndefu, wakisaini daftari la kurudishiwa nauli. Meza ya nauli ilifunguliwa saa ile ile. Uganda hii, ukimwambia mtu achague kati ya mnunuzi wa mahindi na bahasha ya nauli, huna haja ya kusubiri jibu.

Kamati ikahitimisha kwamba programu ya kukutanisha haifai. Niliporudi kwenye ubao wetu wa mradi nikaona kadi mbili, "Meza za miadi" na "Malipo ya nauli", wenye kazi wawili tofauti, tarehe moja, saa moja. Zimekaa pale wiki tatu. Hakuna aliyefungua mwonekano wa kalenda, nami nikiwemo. Kilichoanguka ni usimamizi, lawama zikaenda kwa programu jirani.

Na kule kwenye foleni, mwenye mashine ya kusaga kutoka Mbale alikuwa ameshaandika namba ya mtu wa magunia mgongoni mwa beji yake. Wote wawili walikuwa kwenye programu yangu. Haikuwahi kuwalinganisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague ipi, namuuliza nani ataifungua asubuhi, na anafungua kutafuta nini. Kama ni kamati inayotafuta nani hajalipa ukumbi, ni ya miradi, na kamati ikiwa ndogo Excel na kundi la WhatsApp vinatosha. Ya kukutanisha inalipa pale wageni hawajuani, wamekuja kuuza au kununua, na huwezi kumtambua mnunuzi kwa kumtazama. Wageni wakiwa ni walewale wa kila mwaka, usinunue. Ongeza muda wa chai.

Yule wa Jinja Road nilimweleza haya yote, kwa ufupi zaidi na kwa honi nyingi zaidi. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Basi bajeti niiweke wapi?"

"Excel."

"Hiyo Excel," akasema, "nayo ina sehemu ya wageni kuombana miadi?"