Nyumba Inahusikaje na Shule?

“Mwenye akili atasoma hata kwa kibatari.” Kauli hii ni ya siku nyingi huku Mwanza, na tangu ada ifutwe hadi kidato cha 4 mwaka 2016 imepata hoja mpya: shule ni bure, nyumba inahusikaje?

Inahusika, tena kwanza kwa kodi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi 6 kwa mkupuo. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi kinakuwa 300,000 siku moja. Mkataba ukiisha Januari, unagongana na sare, viatu na madaftari. Anayeshindwa hupanda mlimani zaidi, kwenye mawe, ambako kodi ni nafuu. Hapo mtoto ama anahamishwa shule katikati ya muhula na kukuta wenzake wako mada nyingine, ama anatoka alfajiri. Mvua ikishusha maji kati ya miamba, hatoki.

Halafu kuna sakafu, ambayo wengi huiona urembo tu. Udongo huhifadhi mayai ya minyoo. Mtoto anayetambaa huyameza, na minyoo humpunguzia damu na lishe. Mexico iliposakafia nyumba za maskini kwa saruji katika mpango wa Piso Firme, watafiti walikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua, na watoto wadogo wamefanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya lugha. Hakuna mwalimu aliyeongezwa.

Ila nyumba nafuu ikijengwa mbali na mji, pasipo shule jirani, nauli ya kila siku hula kilichookolewa kwenye kodi.