Kwa nini Yesu alilia wakati alijua Lazaro anafufuka?

Je, wajua kwamba ule mstari mfupi wa Yohana 11:35, "Yesu akalia machozi", unakuja muda mfupi tu kabla Lazaro hajatoka kaburini? Yaani Yesu alikuwa anajua kabisa anachoenda kufanya, alishawaambia wanafunzi wake hata kabla hawajaanza safari kwamba Lazaro amelala na yeye anaenda kumwamsha, na bado alipofika Bethania akamkuta Maria analia na watu waliokuja naye wanalia, naye akalia. Sasa alilia nini?

Nauliza kwa sababu huku kwetu Mbeya kuna maneno tunayasema haraka mno msibani. Mama kafiwa na mtoto, turubai lenyewe halijamaliza kufungwa, mtu kashamwinamia sikioni "usilie mama, utamkufuru Mungu", mwingine anaongeza "jikaze bwana, wewe si umeokoka?" Nimeyasikia Uyole, nimeyasikia Tukuyu, nimeyasikia mpaka Makambako, na huwa yananiuma kweli kwa sababu yanamfanya mfiwa aanze kuona hata machozi yake ni dhambi.

Ukiisoma ile sura taratibu utaona Martha na Maria walimwambia Yesu neno lile lile, kwamba Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Hilo ni lalamiko kabisa, na hakumkemea hata mmoja. Martha alijibiwa kwa maneno, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima", ila Maria hakupewa mahubiri yoyote, yeye alililiwa. Kwangu mimi jibu liko hapo: kujua kwamba kuna ufufuo hakufanyi kifo kiache kuuma. Paulo anakiita kifo adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26), na mtu akinyang'anywa mpendwa wake na adui analia tu, imani yake haijapungua kitu. Hata Wayahudi waliokuwepo pale hawakusema huyu hana imani, walisema angalieni jinsi alivyompenda.

Na ule mstari wa Wathesalonike unaosomwa karibu kila ibada ya mazishi tunausikiaga nusu. Paulo hakusema msihuzunike basi akanyamaza, alisema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Huzuni kairuhusu, kakataa ile isiyo na tumaini.

Halafu kuna Ayubu. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", hayo maneno tunayaandika mpaka kwenye grupu la WhatsApp la msiba, lakini angalia nani aliyasema. Aliyasema Ayubu mwenyewe, mfiwa, hakuna mgeni aliyekuja kumwambia. Mfiwa akifika mahali pa kuyasema mwenyewe ni ibada kubwa sana, ila wewe uliyekuja na rambirambi ukimsukumia yasemwe leo leo unambebesha mzigo tu. Rafiki zake watatu walipokuja walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno (Ayubu 2:13), na hapo walikuwa wamefanya vizuri kabisa! Waliharibu walipoanza kueleza kwa nini yamempata, mpaka mwishoni Mungu akawakasirikia.

Hilo la kukaa tunaliweza jamani. Mwezi wa sita au wa saba baridi ya Mbeya unaijua, lakini wanaume wanakesha nje kwenye moto wa kuni, kina mama ndani wamelala kwenye mikeka na mfiwa, jumuiya inapokezana kupika, kwaya inaimba mpaka usiku mkubwa. Mfiwa mara nyingi hana nguvu hata ya kusema Baba Yetu, sasa wengine wanaimba kwa niaba yake na yeye anabaki kusikiliza tu, imani ya wenzake inambeba mpaka yake inyanyuke tena. Warumi 12:15 inasema lieni pamoja nao waliao, haikusema wanyamazisheni.

Kazi inakuja matanga yakishaisha, turubai limerudi, ndugu wa Dar wamepanda basi. Hapa nawapenda Wamoraviani, ambao misheni yao ilianza Rungwe mwaka 1891. Wana desturi iliyoanzia Herrnhut huko Ujerumani mwaka 1732, asubuhi ya Pasaka alfajiri wanaenda makaburini na kuimba kwamba Bwana amefufuka. Mtu aliyezika mwezi wa nane, ambaye labda watu walishaacha kumpigia simu, anasimama pale kwenye kaburi la mtu wake na kanisa zima liko pembeni yake, na akilia hakuna anayemshangaa.