Kila Msimu Jezi Mpya: Tunayoyakosea Kuhusu Mchezaji Anayehamahama

Dirisha la usajili likifunguliwa, kijiweni hakitajwi jina la mchezaji bila hukumu kufuata. "Yule? Misimu mitatu, timu nne. Ana matatizo." Nimeyasikia maneno haya miaka mingi, na yananiuma, kwa sababu wengi wanaosemwa hivyo ni watu wanaofanya kazi ngumu kwa uaminifu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa mara nyingi zaidi, kila moja na ukweli wake.

Dhana: "Angekuwa mzuri asingeachwa."

Nyingine zote zimeota juu ya hii. Jibu lake ni Sebastián Abreu, mshambuliaji wa Uruguay. Desemba 2017, aliposajiliwa na Audax Italiano ya Chile, kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilimtambua kuwa mchezaji wa kulipwa aliyepita klabu nyingi kuliko wote duniani: 26. Hakuishia hapo. Alipotundika daluga mwaka 2021 klabu zilikuwa zimezidi 30, katika nchi 11, kuanzia Brazil na Mexico hadi Israel, Ugiriki na El Salvador. Mtu huyohuyo aliichezea timu ya taifa mechi 70, akafunga mabao 26, na alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, mwaka 2011. Ukiajiriwa mara thelathini maana yake makocha thelathini walikaa kitako wakasema, "Huyu tunamhitaji."

Waafrika tunamkumbuka kwa jambo linalouma. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay. Suárez wa Uruguay kauzuia mpira kwa mkono mstarini, Gyan wa Ghana kapewa penalti kagonga mwamba, dakika 120 zimeisha 1-1, mshindi aamuliwe kwa penalti. Penalti ya tano ya Uruguay akaachiwa Abreu, mtu wa miaka 33. Akauendea mpira kama anayetaka kuutoboa, halafu akauchota taratibu katikati ya goli. Kipa Kingson alikuwa ameshajirusha pembeni. Kwa penalti, Uruguay 4, Ghana 2, nasi tukabaki tumeshika vichwa.

Tulisema ni wazimu, na kweli jina lake la utani ni "El Loco", yaani kichaa. Lakini Aprili ya mwaka huohuo, akiwa Botafogo ya Brazil, alikuwa amepiga penalti ya namna ileile dhidi ya Flamengo, katika mechi iliyoipa Botafogo ubingwa wa jimbo la Rio. Mguu ule ulikuwa umeshazomewa kwa Kihispania, Kireno, Kiebrania na Kigiriki. Ghana ilikutana na mzoefu.

Hata hesabu ya klabu zake inahitaji kusomwa vizuri. Deportivo La Coruña ya Hispania ilimsajili mwaka 1998, na miaka iliyofuata ikawa inamtoa kwa mkopo: Brazil, Mexico, Argentina, akarudishwa hadi nyumbani Uruguay. Mwajiri mmoja, jezi chungu nzima. Ukihesabu jezi utaona mtu asiyetulia. Ukisoma mkataba utaona klabu iliyokuwa ikimtuma.

Dhana: "Anafuata pesa, kila uhamisho unamtajirisha."

Tukisikia klabu imelipa dola laki tatu, tunaziona zote mfukoni mwa mchezaji. Ada ya uhamisho ni ya klabu inayomuuza. Yeye hupata mshahara wake, na fedha ya usajili kama walikubaliana iwepo.

Kuna asilimia 5 ambayo hukatwa kwenye ada ya uhamisho wa kimataifa na kugawiwa klabu zilizomlea mchezaji, kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili ni letu kabisa. Timu ndogo iliyosajiliwa, yenye kumbukumbu za kijana wake, ina haki ya kudai sehemu yake siku kijana huyo anapouzwa nje. Isiyo na karatasi itabaki kupiga makofi mbele ya televisheni. Nawasihi viongozi wa timu za mitaani: andikeni jina, tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka, na mhakikishe usajili wake umefika kwenye chama cha soka.

Turudi kwenye utajiri. Mwaka 2016 FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, lilitoa matokeo ya utafiti wake: wachezaji karibu 14,000 waliulizwa, katika nchi 54. Zaidi ya asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara ndani ya misimu miwili. Wastani wa mkataba mmoja haukufika miaka miwili. Ukiwa na mkataba wa urefu huo, ukicheza miaka 14 umeshapita meza za usajili mara saba au nane bila kumkosea mtu yeyote.

Niliwahi kupanga chumba Temeke, ukuta mmoja na kipa wa timu ya ligi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na begi lisilofunguliwa lote: glavu jozi mbili zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, daluga, na faili la plastiki lenye barua ya kuachwa ya kila timu aliyopitia. Glavu alizifua mwenyewe jioni, kwa maji ya uvuguvugu, akazianika kivulini kwa sababu jua hukausha mpira wa kiganja ukapasuka. Miezi minne hakulipwa. Mwenye nyumba alimvumilia miwili. Mwezi wa tano akapata timu mkoani, akaondoka na basi la alfajiri, na wiki ileile nikasikia mashabiki wakisema amekimbia timu kwa tamaa.

Sheria ilikuwa upande wa mtu kama yule. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, mchezaji anaiandikia kuitaka ilipe, anaipa angalau siku 15, na ikishindikana ana sababu halali ya kuuvunja mkataba. Jirani yangu hakuwa hata na nakala ya mkataba wake. Aliusaini, ukabaki ofisini. Kijana unayesoma hapa, usitoke kwenye chumba cha kusaini bila nakala yako.

Dhana: "Si ni mchezaji huru? Aende popote, muda wowote."

Uhuru huo una historia. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ilimpa haki Jean-Marc Bosman, Mbelgiji ambaye klabu yake ilimzuia kwenda Ufaransa ilhali mkataba wake ulikuwa umeisha. Tangu hapo mchezaji aliyemaliza mkataba huko huondoka bila ada, na kanuni za FIFA leo zinamruhusu kuzungumza na klabu nyingine mkataba ukibakiza miezi sita. Lakini madirisha ya usajili ni mawili kwa msimu, hati ya uhamisho wa kimataifa lazima itoke kule alikotoka, na kwa kawaida msimu mmoja hawezi kusajiliwa na klabu zaidi ya tatu wala kucheza mechi za mashindano kwa zaidi ya mbili. Karatasi ikichelewa siku moja, anaweza kubaki miezi akifanya mazoezi tu.

Dhana: "Hana mapenzi na jezi."

Hii kwetu Kariakoo imemchoma mshambuliaji Mganda Emmanuel Okwi kuliko wote. Januari 2013 Simba ilimuuza kwa Étoile du Sahel ya Tunisia. Malipo yakazua mgogoro uliofika hadi FIFA, naye akajikuta amekwama katikati, akarudi Uganda kuichezea SC Villa. Desemba 2013 akatua Yanga, mahasimu wa Simba, na hapo akaitwa msaliti. Mwaka uliofuata akarudi Simba, 2015 akaenda SønderjyskE ya Denmark, kisha SC Villa tena, kisha Simba tena. Huyo "asiye na mapenzi" akafunga mabao 20 msimu wa 2017/18, akawa mfungaji bora wa ligi, na Simba ikaupata ubingwa iliokuwa ikiulilia kwa miaka mitano. Wale waliomwita msaliti waliimba jina lake uwanja mzima, nami nilifurahi kwa ajili yake.

Mapenzi ya mchezaji kwa jezi huonekana katika dakika 90, anavyorudi kukaba timu ikiwa imechoka. Urefu wa mkataba huamuliwa na watu waliokaa ofisini.

Dhana: "Kutoka ligi kubwa kwenda ndogo ni kuporomoka."

Mbwana Samatta alipotoka Aston Villa baada ya miezi minane tu, wapo waliomzika. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na alifunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 2020. Kutoka Villa akapita Fenerbahçe ya Uturuki, Antwerp ya Ubelgiji, Genk kwa mara ya pili, halafu PAOK, ambako mwaka 2024 alikuwa bingwa wa Ugiriki. Kabla ya kwenda Aston Villa alikuwa ameshachukua ubingwa wa Afrika na Mazembe 2015 na wa Ubelgiji na Genk 2019. Mataji ya nchi tofauti hayapatikani kwa kukaa sehemu moja.

Dhana: "Mwisho wake atarudi mikono mitupu."

Wapo wanaorudi hivyo, na ni jambo la kusikitisha. Lakini kuhama kwenyewe ni shule. Kipa Mjerumani Lutz Pfannenstiel ndiye mchezaji wa kwanza kucheza soka la kulipwa katika mashirikisho yote sita ya mabara yaliyo chini ya FIFA, na rekodi ya klabu 25 ilikuwa yake kabla Abreu hajaipita. Alipita magumu: mwaka 2001 alifungwa Singapore siku 101 kwa kesi ya kupanga matokeo, na Desemba 2002, uwanjani Bradford, aligongwa kifuani hadi akaacha kupumua, akarudishwa uhai palepale kwenye nyasi. Alipoacha kucheza, Hoffenheim ya Ujerumani ilimpa kazi ya kusaka vipaji, maana alikuwa amekaa mabara ambayo wengine huyaona kwenye ramani. Baadaye akawa mkurugenzi wa michezo wa Fortuna Düsseldorf, kisha wa St. Louis City ya Marekani, klabu aliyoijengea kikosi kuanzia mchezaji wa kwanza. Mwaka 2023, msimu wake wa kwanza ligini, ilimaliza ikiongoza kanda ya magharibi.