Mtindo wa Nashville si kantri ya asili

Redio ikipiga Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani, hasa Krismasi ikikaribia, hakosi mtangazaji wa kusema: "Hiyo sasa ndiyo kantri ya asili." Sivyo, na kusema hivyo kunamnyima marehemu sifa yake.

Alichoimba Reeves ni mtindo wa Nashville, mji wa Marekani wenye studio nyingi za kantri: muziki huo ukiwa umelainishwa studio kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ili hata wapenzi wa pop wainunue.

Kinachopoteza watu ni ule upole wake. Kantri iliyotangulia haikuwa pole hata kidogo. Ilipigwa kwenye vilabu vya pombe: fidla inakwaruza, gitaa la kulaza mapajani linalia, mwimbaji anaitoa sauti puani ili ashinde kelele za wanywaji. Reeves mwenyewe alianzia kwenye uchangamfu huo. Sikiliza Mexican Joe ya 1953. Kisha Elvis Presley akawazoa vijana kwa rock 'n' roll, na watayarishaji kama Chet Atkins wa kampuni ya rekodi ya RCA wakapunguza fidla na gitaa lile, wakaingiza waitikiaji, na baadaye vayolini kwa wingi, laini kama za okestra. Katika Four Walls ya 1957 Reeves ameshusha sauti, mdomo u karibu na maikrofoni, kama anayemnong'oneza mtu mmoja tu. Huo ulikuwa usasa, na waliopenda fidla zao waliulalamikia.

Kifo chake kimezidisha mkanganyiko. Tarehe 31 Julai 1964, akirusha mwenyewe ndege ndogo kutoka Arkansas pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel, aliingia katika dhoruba ya mvua karibu na Brentwood, pembeni mwa Nashville. Ilichukua siku mbili kuwapata msituni. Reeves alikuwa na miaka 40. Mjane wake, Mary, aliendelea kutoa rekodi zilizobaki, nyingine zikawekewa ala mpya. Mwaka 1981 sauti yake iliunganishwa katika wimbo mmoja na ya Patsy Cline, mwimbaji wa kantri ambaye naye ndege ilimuua mwaka 1963. Wimbo huo hawakuuimba pamoja kamwe. Kwa hiyo baadhi ya "uzamani" tunaousikia ulipigwa yeye akiwa kaburini.

Ndugu watangazaji, semeni kantri tu, inatosha. Mkitaka kurudi nyuma zaidi, pigeni Jimmie Rodgers, mwanzilishi wa kantri aliyemvutia Reeves tangu utotoni, na ambaye jina lake Wakipsigis waliliimba "Chemirocha" mkusanyaji wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alipowarekodi mwaka 1950.